Bati au Turubai? Safari ya Jumamosi Kutoka Bunju

Ukitaka kuwajua watu wa Bunju, usihangaike na nyumba zao. Nyumba nyingi bado zinamaliziwa. Kuna aliyehamia kabla ya dari, kuna aliyehamia kabla ya madirisha, na wote tunasema "tumehamia kwetu" kwa sauti ile ile ya majivuno. Wewe angalia magari. Jumamosi asubuhi anzia kituo cha Bunju A, nenda mpaka Bunju B, kisha ukate kushoto kuingia ndani. Utaona magari ya chini yaliyochubuka matumbo. Utaona mashangingi ya wenye nafasi zao. Na katikati yao utaona kundi la tatu, ambalo ndilo nataka tuliongelee leo: vigari vifupi vya porini, Suzuki, RAV4 za milango mitatu, na Land Rover kuukuu zinazonguruma kama mashine ya kusaga. Hivi ndivyo wanavyonunua wanandoa vijana wa huku pale wanapochoka kubadilisha shokomzoba kila baada ya masika.

Na hapo ndipo kimbembe kinapoanza, maana magari haya huja kwa sura mbili. Kuna yenye paa la bati, ambayo mafundi wetu wanaita hadtopu, na kuna yenye paa la turubai, linalokunjwa na kufungwa kwa zipu na vishikizo. Ukisikiliza juu juu utadhani ni suala la urembo, kama kuchagua rangi ya mapazia. Thubutu! Kwa watu wenye gari moja, mkopo mmoja wa SACCOS na mtoto mmoja mdogo, paa ni suala la usalama, la usingizi na, tuambiane ukweli, la ndoa.

Nina shoga yangu ambaye yeye na mumewe wamejenga kama kilomita 2 kutoka kwenye lami, upande wa Mabwepande. Wote wawili wanafanya kazi mjini. Mtoto wao ana miezi saba. Siku moja shemeji akarudi nyumbani na picha za Suzuki ya turubai kwenye simu, bei inaingia mfukoni, injini haivuji. Shoga akaziangalia moja moja, akarudisha simu, akasema, "Mimi hema silali, na mwanangu hapandi hema." Basi, yakaishia hapo. Wiki mbili nyumba nzima ikawa inaongea habari za maziwa na umeme tu. Mwishowe shemeji akanipigia: "Shemeji, wewe ndiyo mtu wa magazeti, hebu njoo utuamulie." Nikamjibu kwamba ndoa za watu siamui, ila gari nitapanda. Tukakubaliana tuazime yote mawili kwa siku moja, ile Suzuki ya turubai kutoka kwa kijana anayeiuza na hadtopu ya jirani, tuzunguke Mabwepande, halafu tuelekee Bagamoyo tukale samaki. Mume wangu akapewa usukani wa hadtopu. Mtoto akabaki kwa bibi yake.

TURUBAI NDILO LILITANGULIA

Kwanza nimtetee shemeji kidogo, kwa sababu turubai si uhuni. Land Rover ya kwanza kabisa, ile iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilikuwa ya turubai. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, ndiyo maana hata bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Suzuki nao walianza hivyo hivyo: Jimny yao ya mwaka 1970, iliyojulikana kama LJ10, ilitoka na turubai, bati likafuata baadaye. Hapa kwetu Land Rover ndiyo iliyobeba mabwana shamba, madaktari, polisi na mapadri katika nchi ambayo lami ilikuwa hadithi ya Dar es Salaam. Turubai lililokunjwa pembeni ndilo lilikuwa kiyoyozi chao.

Halafu tusijifanye wageni. Jiji hili limejaa maturubai. Bajaji ni nini kama si softopu ya magurudumu matatu? Mvua ikianza dereva anashusha pazia la plastiki, na abiria wa pembeni analowa vile vile. Tofauti ni kwamba kwenye bajaji tunashuka na kuiacha pale pale. Hili la shemeji tungerudi nalo nyumbani.

VUMBI LA MABWEPANDE

Tuliondoka Bunju B saa 2 asubuhi. Mabwepande ni jina ambalo Watanzania wengi walilisikia kwa mara ya kwanza baada ya mafuriko ya Desemba 2011, pale serikali ilipowapa viwanja huko waathirika waliohamishwa kutoka mabondeni kama Jangwani. Mwanzoni mwa mwaka 2012 walikuwa wanaishi kwenye mahema. Leo kuna maduka, makanisa, misikiti, saluni na vibanda vya chipsi, na ukienda mbele zaidi unaukuta msitu wa Pande, ambao umekuwa pori la akiba tangu mwaka 1990. Ni kijani kibichi cha kushangaza kwa mtu ambaye amezoea kuona matofali tu. Kwa wale mnaotafuta pa kwenda na mwenzako Jumapili bila kutumia hela nyingi, pande hizi hazijatangazwa vya kutosha.

Ila njia, jamani! Kichanga hapa, udongo mwekundu pale, kokoto zilizomwagwa na kuachwa, na makorongo yaliyochimbwa na maji ya masika iliyopita. Lori la mchanga likikupita, dunia inapotea kwa nusu dakika.

Mimi nilianza ndani ya hadtopu. Watu hudhani bati linazuia vumbi lenyewe kwa lenyewe, kumbe hapana. Gari lenye mgongo bapa likitembea huacha ombwe nyuma yake, na ombwe hilo linavuta vumbi na kulisukumiza kwenye kila upenyo wa mlango wa nyuma. Ukifungua dirisha la mbele kidogo "hewa ipite," ndiyo umejimaliza. Dawa yake ni kufunga madirisha yote na kuwasha feni ikivuta hewa ya nje, ili msukumo wa ndani uwe mkubwa kuliko wa nje. Mume wangu alifanya hivyo, na raba za milango zilikuwa nzima. Tukafika msituni tukiwa na sura zetu za asubuhi.

Wenzetu wa turubai walishuka kama watu waliotoka kuchimba kisima. Kitambaa cha kichwani cha shoga kilikuwa cheupe wakati tunaondoka. Kwenye turubai hakuna ujanja wa feni, kwani upepo wenyewe hauna pa kujifungia. Vumbi linapita kwenye zipu, chini ya pindo, kila mahali. Kibaya zaidi yale madirisha ya plastiki ya nyuma. Ukiyafuta yakiwa makavu yenye vumbi unayakwaruza, na jua letu likisaidia yanageuka rangi ya chai ya rangi. Ile Suzuki ilikuwa imeshafika huko. Shemeji alikuwa anaona nyuma kwa kukisia.

Lakini, na hapa lazima niseme kweli, kuna kitu kilitokea upande wao ambacho hakikutokea upande wetu. Walikuwa wamekunja pembe zote za turubai, na njia nzima walikuwa wanasalimiana na watu. "Shikamoo mama!" "Marahaba wanangu, mnahamia lini?" Fundi aliyewapigia plasta akawasimamisha. Watoto wakawakimbilia. Shoga alinunua vitumbua kwa mkono tu, bila kushuka, akiwa anacheka. Sisi nyuma yao, na vioo vyetu vyeusi na kiyoyozi, tulipita katika mitaa ile ile kama wageni wa mkutano. Hakuna aliyetupungia mkono. Bunju bado ni mahali ambapo jirani ndiye anayekuangalizia nyumba ukiwa kazini, kwa hiyo kujulikana sura si jambo dogo.

MAZUNGUMZO YA BARABARANI

Tukarudi kwenye lami na kuelekea kaskazini. Ukishavuka mto Mpiji umeiacha Dar es Salaam, uko mkoa wa Pwani, na kweli hewa inabadilika: Mapinga, Kerege, minazi, mihogo ya kuuza iliyopangwa kando ya barabara, viwanja vyenye vibao vya simu. Safari hii nilihamia kwenye Suzuki, nikakaa na shoga ili tuongee umbea wetu vizuri.

Hatukuongea. Gari lilipofika kama kilomita 70 kwa saa turubai likaanza kupigapiga kama tanga la jahazi, na lilipofika 80 ikawa ni kupiga kelele masikioni. "Nini?" "Nimesema..." "Ee?" Tukakata tamaa tukaangalia minazi.

Hili usilidharau. Kutoka Bunju hadi Posta ni kilomita 30 hivi, na wanandoa wengi wa huku wanaondoka saa 11 alfajiri na kurudi usiku. Nyumbani kuna mtoto, kuna dada wa kazi, kuna mgeni kutoka mkoani. Ukikaa ukapiga hesabu utakuta mahali pekee ambapo mnakuwa wawili, mmeangalia mbele, hakuna anayeweza kuondoka, ni ndani ya gari. Ada ya shule inazungumziwa hapo. Mama mkwe anazungumziwa hapo. Kuomba radhi kwa jambo la jana kunafanyika hapo, mara nyingi kati ya Tegeta na Mwenge. Sasa turubai linakupokonya hayo mara mbili. Mkikimbia hamsikiani, na mkisimama kwenye foleni mnasikika na kila mtu: utingo wa daladala ya pembeni anajua habari za mama mkwe wako, na moshi wa lori unaingia bila hodi.

Joto nalo lisiwadanganye. Gari la bati likiegeshwa juani linageuka oveni, hilo kila mtu anajua, ila bati lina uwezo wa kutunza ubaridi wa kiyoyozi ukishawasha. Turubai halitunzi. Wazungu wa Land Rover waliligundua tatizo la jua la kwetu mapema, wakatengeneza paa la tabaka mbili: bati la juu linakaa juani, hewa inapita katikati, la chini linabaki kivulini. Ukikutana na Land Rover ya zamani yenye paa la namna hiyo, na kutu haijala fremu, usiipite bila kuuliza bei.

BAGAMOYO, NA MKOBA WA SHOGA

Kabla ya mji tulikata kwenda Kaole kuona magofu. Wenyeji wa Dar tunapeleka wageni wa nje kule halafu wenyewe hatujawahi kushuka garini. Kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 13, kuna makaburi yenye nguzo, na kimya chake ni kizuri sana kwa watu wanaotoka kugombana.

Ila turubai likatutafuta na huko. Hadtopu ilifungwa kwa ufunguo, ikaachwa. Suzuki ilibidi ihamwe: mkoba wa shoga, simu ya kazi, laptopu ya shemeji, hata ile chupa ya chai. Maana turubai halihitaji mwizi mjuzi, linahitaji wembe. Tulizunguka magofu ya Waswahili wa kale tukiwa tumebeba mizigo kama tunahama. Shoga hakusema neno. Alimpa shemeji laptopu aibebe, basi.

Samaki tulikula mjini, karibu na ufukwe, changu wa kukaanga na ugali, madafu baada ya hapo. Saa 10 jioni wingu likaanza kujikusanya baharini na wote tukajua. Ulikuwa msimu wa vuli. Mvua ilitupata tukiwa tumeikaribia Kerege.

Kufunga turubai la gari dogo kunahitaji watu wawili wenye subira. Mmoja anavuta, mwingine anafunga zipu, na zipu iliyoshiba vumbi la Mabwepande haiendi. Walisimama pembeni ya barabara, yeye upande wa dereva, mke upande wa pili, wanaelekezana kwa ishara. Walilowa mpaka chini. Lakini nilipowaangalia kupitia kioo cha hadtopu, mkavu kama mkate, niliona wanacheka, kicheko kile cha kuinamia bodi ya gari. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa wiki mbili. Turubai lina haki yake hapo, siwezi kulinyima.

LILE LISILOCHEKESHA

Jioni tukiwa kwao, nguo zinakauka, mume wangu akaleta hoja ambayo ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza. Magari haya ni mafupi, yamenyanyuka, na yana matairi yaliyokaribiana. Ukikata kona kwa ghafla, yanapinduka kirahisi kuliko gari la chini. Huko Marekani mwaka 1988 jarida la walaji la Consumer Reports liliipa Suzuki Samurai alama mbaya kabisa kwa sababu hiyo hiyo ya kupinduka. Suzuki waliipinga, wakaenda mahakamani mwaka 1996, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2004. Nani alikuwa sahihi sitaingia huko. Ninachojua ni kwamba gari likilala, kitambaa hakizuii chochote.

Na msiseme "basi bati litatuokoa." Bati la Land Rover kuukuu limefungwa kwa nati, ni la kukinga mvua, si la kukinga shingo. Cha kutafuta, liwe turubai au bati, ni bomba nene la chuma lililopindwa juu ya siti na kushikiliwa kwenye fremu, na mikanda inayofanya kazi kwenye kila siti. Halafu angalia siti za nyuma. Magari mengi ya namna hii yana mabenchi ya pembeni, watu wanakaa wameangaliana. Kwa kubeba wapwa kwenda Coco Beach ni raha. Kwa kiti cha mtoto mchanga haifai, kwa sababu kiti hicho kinafungwa kwenye siti inayoangalia mbele au kinafungwa kuangalia nyuma, hakifungwi ubavu.

Tukatoka na tochi kuiangalia ile Suzuki. Bomba hakuna. Siti za nyuma ni mabenchi. Shemeji alisimama pale muda mrefu, akapiga tairi teke dogo, akasema, "Kesho namrudishia jamaa funguo." Shoga akamjibu, "Asante, baba." Hakuongeza.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: mkiwa na gari moja, mtoto, na safari ya kila siku kwenda mjini, chukueni bati. Mkiwa wawili tu, au gari la kazini lipo na hili ni la wikiendi, turubai litawapa furaha ambayo hadtopu haijui. Mkishalinunua msilioshe kwa sabuni ya unga, inaondoa ule uzuiaji wa maji. Brashi laini na maji yanatosha. Msilikunje likiwa bichi hata mara moja, kwani kwa unyevu wa pwani fangasi hawachelewi. Likichanika, mpelekeeni fundi anayeshona maturubai ya malori, siyo fundi nguo. Wenye bati nao wasijisifu: upepo wa chumvi unakula michirizi ya juu ya milango kimya kimya, na kutu utaiona siku imeshatoboa. Na kama mnaagiza kutoka Japani, pigeni hesabu ya TRA kabla ya kumtumia mtu hela, maana gari lililozidi umri linalipiwa ushuru wa uchakavu, na haya tunayoyapenda mengi yana umri. Jimny mpya iliyotoka mwaka 2018 haina turubai kabisa, kwa hiyo wapenzi wa kitambaa wataendelea kugombania ya zamani.

Shemeji na shoga? Walitafuta kwa miezi miwili zaidi. Wakapata RAV4 ya milango mitatu, ile ya toleo la kwanza lililoanza mwaka 1994, bodi ya bati, siti zote zinaangalia mbele, na juu ina vile vipande viwili vya paa vinavyotoka. Yaani upepo wa shemeji umo, mlango wa kufunga kwa ufunguo wa shoga umo. Siku ya kulipa shemeji alimwambia muuzaji kwamba kabla ya hela kutoka kuna jaribio moja. Shoga akaingia ndani, akatandika kanga kavu mapajani, akafunga vioo. Shemeji akapanda kwenye stuli na kumwaga ndoo ya maji juu ya paa. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikaleta tone moja kwenye kanga, upande wa kushoto, raba imechoka. Walipunguziwa laki mbili.